Safari za Ujanani Kama Faraja Wakati wa Dhiki: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu umeandikiwa mtu aliyefikwa na jambo zito, liwe msiba, kupoteza kazi, maradhi yake mwenyewe au ya yule anayemuuguza, na ambaye zamani, kabla majukumu hayajamwelemea, aliwahi kufunga mzigo akaondoka kwao. Safari yenyewe si lazima iwe ya mbali. Kwa watu wa Mombasa huenda ikawa treni ya usiku ya kwenda Nairobi, basi la Lamu kupitia Garsen na Witu, mashua ya kwenda Pemba, ziara ya kwa ndugu wa Tanga kabla mpaka wa Kenya na Tanzania haujafungwa mwaka 1977, au zile meli za Karanja na Kampala zilizokuwa zikiiunganisha bandari yetu na Bombay. Hata kuvuka Likoni kwenda kukaa likizo nzima kwa bibi huko Msambweni ni safari, madhali ulilala nje ya kwenu na ukarudi na jambo la kusimulia.

Ninachokishikilia katika maelezo yote yanayofuata ni kwamba faraja haipatikani kwa kuwaza kwa jumla kuwa zamani tulistarehe. Hupatikana katika kipande kimoja cha safari moja, kikikumbukwa kwa undani hata ukajua ulikaa upande gani wa basi. Na mara nyingi kipande kinachofariji zaidi ni kile ambacho safari iliharibika nanyi mkapata njia ya kutoka.

Kwa nini safari, na kwa nini za ujanani

Watafiti wa kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba mtu aliyevuka miaka 40, akiombwa aeleze mambo ya maisha yake, huyataja kwa wingi yale yaliyomkuta takriban baina ya umri wa miaka 10 na 30. Huo ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza: kulala pasipo wazazi, kushika pesa zako mwenyewe, kupotea katika mji usioujua na kulazimika kuuliza njia. Siku za kazini zinazofanana huchanganyika hata usijue ipi ni ipi, ilhali siku ya safari ina mwanzo, njia na mwisho, kwa hiyo hurudi ikiwa na mpangilio wake.

Mwaka 2017, Megan Speer na Mauricio Delgado wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo washiriki walitumbukiza mkono katika maji ya baridi kali huku wakitazamwa, kisha baadhi yao wakaambiwa wakumbuke mambo mema ya maisha yao na wengine mambo ya kawaida tu. Kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa mtu anapofadhaika, haikupanda kwa waliokumbuka mema kama ilivyopanda kwa wenzao. Hayo hayana maana kwamba kumbukumbu italipa kodi ya nyumba au itamrudisha marehemu. Kazi yake ni ndogo kuliko hiyo, nayo ni kuutuliza mwili kwa muda na kumwonyesha mwenye dhiki kwamba yeye ndiye yule yule aliyewahi kukwama akanasuka.

Hatua ya kwanza: orodhesha safari, usizisimulie bado

Chukua daftari la kawaida, lile la watoto wa shule, uandike majina ya safari zako tangu utotoni hadi kabla ya kuoa au kuolewa, kila moja kwa mstari mmoja tu: "Lamu, Maulidi, pamoja na kina ami", "Tsavo, na shule", "Nairobi, kutafuta kazi". Usijilazimishe kufuata miaka. Ukikwama, jiulize ni harusi ngapi ulihudhuria nje ya Mombasa, ni nani aliyewahi kukutuma kupeleka mzigo, ulikwenda wapi baada ya mtihani wa mwisho wa shule. Kazi hii huisha kwa kikao kimoja, na kwa wengine yenyewe tu hutosha kuleta tabasamu.

Hatua ya pili: chagua safari iliyowahi kukwama

Hapa ndipo wengi huenda upande usiofaa. Mtu aliye katika huzuni hukimbilia safari iliyokuwa nzuri kuliko zote, yenye picha za kupendeza na vicheko, kisha akashangaa mbona anainuka akiwa na majonzi zaidi. Sababu yake si ngumu kuiona: raha tupu ya zamani, ikiwekwa kando ya dhiki ya leo, huifanya dhiki ionekane kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna kitu cha kuziunganisha hali hizo mbili.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu kazi za bandarini, alikuwa akimuuguza mkewe kwa muda mrefu nyumbani. Watoto wake, kwa nia njema, walikuwa wakimkumbusha Maulidi ya Lamu alizozihudhuria ujanani, matari na zumari, na umati uliojaa Msikiti wa Riyadha. Aliwasikiliza kwa adabu, wala haikumsaidia. Kilichomfungua ulimi ni mmoja wa wajukuu alipomuuliza basi lilikuwa likichukua muda gani kufika. Ndipo alipoeleza siku basi lao lilipozama katika udongo mweusi baina ya Garsen na Witu baada ya mvua ya usiku: abiria walivyoshuka wakiwa wameshika viatu mikononi, wanaume walivyokata matawi ya kutandika chini ya magurudumu na kupangiana zamu za kusukuma, akina mama walivyofungua kapu la mahamri yaliyokuwa yakipelekwa harusini wakamgawia kila mtu moja moja, na utingo alivyokuwa akipiga ubavu wa basi kwa kiganja kumwashiria dereva akanyage. Alieleza hata jinsi matope yalivyomrukia maalimu mmoja aliyekuwa amevaa kanzu nyeupe, na maalimu mwenyewe akawa wa kwanza kucheka.

Simulizi ile ilikuwa na kila alichokihitaji mtu anayeuguza: kungoja bila kujua mwisho, kazi nzito isiyofanywa na mmoja, chakula kidogo kinachotosha watu wengi, na hatimaye gari kunasuka. Kwa hiyo unapopitia orodha yako, tia alama kwenye safari zilizokuwa na kikwazo mlichokishinda. Waliokuwa vijana wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 hawatakosa mfano, kwani barabara nyingi zilikatika. Wengine watakumbuka foleni za Kilifi, wakati watu na magari walipovuka kwa feri kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991.

Kuna safari zisizofaa kuchaguliwa, hata kama zinakuja zenyewe akilini. Iliyokuwa na ajali au kifo iache. Aliyenusurika msiba wa feri ya Mtongwe wa Aprili 1994, kwa mfano, hana haja ya kurudi huko peke yake na daftari. Hilo ni jambo la kulizungumza na mtaalamu. Safari uliyokwenda na mtu mliyeachana kwa ubaya nayo iweke kando mpaka upate nguvu.

Hatua ya tatu: ivunje vipande, ushike kimoja

Safari nzima ni kubwa mno kukumbukwa kwa kikao kimoja, na ukijaribu utaishia kwenye muhtasari usiogusa moyo. Igawanye: kuondoka nyumbani, kungoja kituoni, njia, mahali pa kusimama, kukwama, kufika. Kisha chukua kipande kimoja kisichozidi saa moja ya safari hiyo ukiandike kwa ukurasa mmoja au miwili.

Tofauti ya kuandika kwa jumla na kuandika kwa undani inaonekana vizuri katika safari ya treni ya zamani. Mtu anaweza kuandika hivi: "Tulikuwa tukipanda treni ya usiku kwenda Nairobi na ilikuwa raha sana." Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haimpeleki popote. Itazame sasa ikiandikwa upya:

"Nilikuwa daraja la tatu, karibu na dirisha lisilofunga vizuri. Tulipovuka Makupa jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mbele yangu alikaa mama mmoja mwenye kapu la maembe mapajani, akaniuliza, 'Mwanangu, wenda kwa nani?' Nikamjibu kuwa naenda kwa mjomba, ingawa mjomba hakuwa na habari. Tulipofika Voi alinunua chai kupitia dirishani, akanywa nusu akanipa nusu, kwa kikombe kile kile. Alfajiri niliamka nikakuta amenifunika leso yake, naye amelala kwa kujikunyata."

Mwandishi wa maneno hayo hakusema popote kwamba alifarijika, lakini aliyeyasoma ameshaelewa. Ili ufike hapo, jiulize maswali ya namna na mahali: nilikaa wapi, mkononi nilishika nini, ni nani aliyesema nini, kulinukia nini, nilivaa viatu gani, mwanga ulitoka upande upi. Jiepushe na maswali ya sababu, kama vile kwa nini nilikuwa na furaha wakati ule, au kwa nini sasa sina. Jambo hilo limepimwa: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Aliza Werner-Seidler na Michelle Moulds waliwachukua watu wenye sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito, na waliowahi kuwa nayo, wakawataka wakumbuke jambo jema. Walioelekezwa kulitazama tukio lenyewe kwa undani hali yao ya moyo iliinuka, na walioelekezwa kutafakari maana na sababu zake hawakupata nafuu hiyo.

Treni ile haipo tena. Huduma ya abiria kwenye reli ya zamani ilikoma mwaka 2017, mwaka ambao reli mpya ilizinduliwa na kituo kikuu kikahamia Miritini, na safari ya usiku kucha ikawa ya saa chache. Mwenye kuikumbuka hawezi kuirudia hata akiwa na nauli, kwa hiyo ninamhimiza aiandike mapema kuliko nyingine.

Ukitaka kujua safari ilikuwa lini, zipo njia za kienyeji zinazosaidia kuliko kukuna kichwa. Aliyekwenda Unguja au Pemba kwa tanga, upepo ukiwa nyuma yao, alisafiri wakati wa kaskazi, takriban baina ya Desemba na Machi. Na kama walirudi Mombasa kwa kusukumwa na kusi, upepo utokao kusini, basi mwaka ulikuwa umefika katikati. Aliyefunga Ramadhani njiani aukumbuke msimu wake, ulikuwa wa maembe au wa mvua, kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa miladi, na msimu huo utamsaidia kupata mwaka wenyewe au unaoukaribia.

Hatua ya nne: amsha kumbukumbu kwa pua, ulimi na sikio

Njia ya harufu katika ubongo hupita karibu sana na sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu, na ndiyo sababu harufu moja inaweza kumrudisha mtu miaka 40 nyuma kabla hajapata hata jina la mahali. Kwa mkazi wa Mombasa vichocheo havihitaji gharama. Aliyefika Pemba wakati wa mavuno ya karafuu, zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya kila nyumba, anunue kiasi kidogo Marikiti, azisugue kiganjani hadi zipate joto, kisha avute pumzi. Aliyezoea kusafiri kwa majahazi ashuke Mji wa Kale, aelekee Bandari ya Kale, ambako harufu ya chumvi, mbao zilizolowa na papa mkavu itamfanyia kazi bila yeye kujikaza. Wa Lamu atahitaji kahawa chungu na kipande cha halua.

Fanya hivyo kipande chako kikiwa tayari kimechaguliwa, na daftari liwe karibu, kwa kuwa yanayokuja kwa pua huja kwa kasi na hupotea vivyo hivyo. Muziki nao una nguvu, lakini una hatari yake: wimbo wa taarabu uliopigwa safarini huenda pia ulipigwa kwenye harusi ya mtu ambaye sasa unamlilia. Mimi humshauri mtu aanze na chakula.

Hatua ya tano: picha, barua na tikiti

Unyevu wa pwani ni adui mkubwa wa picha za karatasi, na nyumba nyingi za Mombasa zina albamu iliyohifadhiwa chini ya kitanda ambamo picha zimegandana na nailoni ya juu. Kabla ya kuzitumia kama faraja inabidi uziokoe, na kazi hiyo ya mikono, kwa kweli, ni faraja tosha kwa mtu ambaye akili yake haitulii.

Nawa mikono uikaushe. Picha iliyonata kwenye albamu ya gundi usiivute kwa kucha. Pitisha uzi mwembamba uliokazwa, ule wa kusafishia meno ukipatikana, chini ya kona moja na uusogeze taratibu kushoto na kulia. Ikikataa, iache ilipo. Iliyogandana na kioo cha fremu iache na kioo chake, kwa sababu ukiibandua uso utabaki kwenye kioo nawe utabaki na karatasi nyeupe. Usitie maji.

Kisha zipige picha kwa simu. Fanya hivyo asubuhi, karibu na dirisha lakini kivulini, picha ikiwa imelazwa juu ya kitambaa cheusi, simu ikiwa sambamba nayo na taa ya simu ikiwa imezimwa. Piga na mgongo wa picha pia, maana mara nyingi ndiko kwenye muhuri wa studio na mwaka. Majina ya waliomo yaandike nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza; kalamu ya wino hupenya na kuchafua uso. Hifadhi picha katika bahasha za karatasi, si mifuko ya nailoni inayofungia unyevu ndani, na uziweke katika kabati lililo mbali na sakafu na lisiloegemea ukuta wa nje. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, hapa ndipo mahali pake. Kila baada ya mvua za masika fungua kabati ukague.

Tikiti, stakabadhi ya mzigo, pasi ya zamani yenye mihuri ya Lunga Lunga na Horohoro, na barua ulizowaandikia nyumbani zifanyie vivyo hivyo. Barua zina thamani kuliko picha, kwa sababu zimebeba maneno yako ya umri ule, pamoja na malalamiko uliyokwisha kuyasahau kuhusu chakula na baridi ya bara.

Baada ya kazi hiyo yote, toa picha moja tu inayohusiana na kipande ulichokiandika. Kutandaza picha zote kitandani usiku ukiwa peke yako ni namna ya kujitesa.

Hatua ya sita: mtafute mliyekuwa naye

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Constantine Sedikides na Tim Wildschut, pamoja na wenzao, wameonyesha kwamba upweke ndio mara nyingi humfanya mtu azikumbuke siku za nyuma, na kwamba kuzikumbuka huko humwongezea hisia ya kuwa na watu. Sisi tusingoje hisia tu, ilhali mtu mwenyewe huenda yuko Kisauni na simu anayo.

Ukimpigia, usianze na shida zako, kwa kuwa ukianza nazo yeye atajibu kwa pole na dua, na mazungumzo yataishia hapo. Anza na kipande chenyewe: "Assalamu alaykum, ami. Ati leo nimemkumbuka yule utingo wa basi la Lamu, aliyekuwa akiimba. Jina lake lilikuwa nani vile?" Swali dogo kama hilo humpa mwenzako kazi ya kufanya, naye atakuletea vipande ambavyo wewe hukuwa navyo. Ikiwa anakumbuka tofauti na wewe, mwandikie upande wake katika daftari lako na msibishane, kwani kila tunapokumbuka tunaliunda upya jambo lenyewe, na hakuna kati yenu aliye na nakala safi. Ikiwa amekwisha fariki, tafuta mtoto wake. Kwa mtoto, kusikia baba yake alikuwa na miaka 19 na aliogopa mawimbi ya Mokowe ni zawadi, nawe utakuwa umetoa badala ya kupokea tu.

Mjane aliye katika eda, ambaye kwa miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani ila kwa dharura, ni mtu ninayemfikiria hasa katika hatua hii. Wageni wa siku za mwanzo wakishapungua, siku humwia ndefu, na wanaobaki huogopa kulitaja jina la marehemu. Mwenye kumtembelea anaweza kumuuliza kwa upole, "Bi mkubwa, nyinyi wakati huo mlikwenda Tanga kwa njia gani?" Aache mwenyewe achague kama atajibu. Wengi hujibu, tena kwa kirefu, kwa kuwa swali la njia halimlazimishi kusema habari ya kifo, na bado marehemu yumo ndani yake akiwa kijana, amebeba sanduku la bati begani. Mei 2020, Mji wa Kale ulipofungwa watu wasiingie wala kutoka, tuliona sote namna mtu aliyezuiwa mahali pamoja anavyoweza kusafiri kwa mazungumzo.

Hatua ya saba: wakati na kiasi

Robo saa hadi nusu saa kwa siku inatosha. Wakati unaofaa ni baada ya alasiri, au asubuhi kabla ya nyumba kuamka. Saa nane za usiku, ukiwa umekosa usingizi, hazifai, kwa sababu saa hizo kila kumbukumbu huvaa rangi ya huzuni. Ukimaliza, funga daftari uinuke ufanye kazi ya mikono, hata kama ni kuosha vyombo tu.

Hatua ya nane: toa jambo moja la kufanya leo

Soma ulichokiandika ukitafuta kitendo: wakati ule tulipokwama, mimi nilifanya nini, na wenzangu walifanya nini? Yule mzee wa basi la Garsen, alipoisimulia habari ile mara ya pili, alisita kwenye zile zamu za kusukuma. Wiki hiyo aliwaita wanawe akawaambia hawezi tena kukesha peke yake, akawapangia kila mmoja siku yake ya kulala kwa mama yao. Angeweza kuambiwa hilo na mtu yeyote, na kwa hakika alikuwa ameshaambiwa na wengi. Lilimwingia lilipotoka katika safari yake mwenyewe.

Kitendo kisiwe kikubwa. Ikiwa katika kipande chako uliuliza njia kwa mtu usiyemjua, leo muulize afisa wa benki lile swali la mkopo unaloliogopa. Ikiwa mlikaa kitako mkangoja maji yapungue, huenda jambo la leo ni kuacha kusukuma mpaka mwisho wa mwezi. Na ikiwa hupati kitendo chochote, kipande hicho kimefanya kazi yake ya kukutuliza. Nenda kingine kesho.

Ukimsaidia mzazi aliyeanza kusahau

Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mzee anayerudia habari za zamani hapotezi wakati, anayapitia maisha yake ili ayaweke sawa. Mwenye kumsikiliza, basi, asiwe na haraka. Mpe picha moja, au karafuu zile kiganjani, na uliza swali lisilo na jibu la makosa: "Mama, hebu nieleze hilo soko la Tanga lilikuwaje." Usimuulize mwaka wala jina la mtu kama anayefanyiwa mtihani. Akichanganya Tanga na Bagamoyo, mfuate huko huko aliko. Akimwita mtu aliyekwisha fariki, usimtangazie msiba upya. Muulize mtu huyo alipenda kula nini safarini. Rekodi sauti yake kwa simu ikiwa ameridhia, na uihifadhi nakala mahali pawili.

Pale pa kusimama

Njia hii ina mipaka, na ni vyema kuijua kabla ya kuanza. Ukiona kila kikao kinakuacha ukisema "nilikuwa mtu, sasa si chochote", badilisha safari kwanza, uchague yenye kikwazo badala ya yenye raha. Ikiendelea hivyo hivyo, acha kwa muda. Kwa mtu aliyeshikwa na sonona kali kumbukumbu njema zenyewe huwa hazipatikani kwa undani, kila safari humjia kwa jumla na bila rangi, na kumlazimisha akumbuke ni kumwongezea lawama juu ya maradhi.

Dalili za kuangalia ni usingizi au hamu ya chakula kuvurugika, kuyachukia mambo uliyokuwa ukiyapenda, na kushindwa kufanya kazi za kawaida, hali ikidumu kwa wiki mbili au zaidi. Wazo la kujidhuru halingojewi hata siku moja: mwambie mtu wa nyumbani saa hiyo hiyo na mwende hospitali pamoja. Mombasa, Hospitali ya Port Reitz ina huduma za afya ya akili, na Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani iko kisiwani. Ukienda, chukua na daftari lako. Mtaalamu hahitaji kulisoma lote. Mwonyeshe ukurasa ulioshindwa kuumaliza, na umweleze ulikwama wapi.